Likizo ya Mwaka: Siku 21 Zinavyohesabiwa na Zinavyopotea

Kila Desemba stendi za mabasi za Nairobi hufurika watu wanaorudi mashambani, na miongoni mwao wamo yaya, walinzi, wapishi, wauzaji dukani na wahudumu wa mikahawa. Wengi wamepewa wiki moja, wengine siku kumi, na wameambiwa hiyo ndiyo likizo yao ya mwaka. Wanashukuru, wanafunga mizigo, wanaondoka. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwajiri bado ana deni lao la siku kumi na zaidi, tena siku zenye mshahara kamili.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Kifungu cha 28 kinaeleza kwamba mtu aliyemaliza miezi 12 mfululizo kazini anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mkataba wa mtu binafsi, au mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, unaweza kutoa siku 24, 26 au 30, na ukitoa zaidi basi huo ndio unaofuatwa. Hauwezi kutoa chini ya hapo. Mfanyakazi akiwekewa mbele karatasi inayosema likizo yake ni siku 14 kwa mwaka, akaitia sahihi kwa sababu alihitaji kazi, kipengele hicho hakina nguvu yoyote. Sahihi yake haiondoi kile ambacho sheria imekwisha kumpa.

Na sheria hii inamgusa nani? Karibu kila aliyeajiriwa. Walioachwa nje ni wanajeshi, polisi, askari wa magereza, Huduma ya Vijana kwa Taifa, na watu wa familia wanaomtegemea mwajiri pale ambapo wao peke yao ndio wafanyakazi wa biashara ya nyumbani. Mfanyakazi wa nyumbani hayumo katika orodha hiyo. Yaya anayelala kwa mwajiri wake Umoja au Nyali ana haki ya likizo sawasawa na karani wa benki, na wala haki hiyo haitegemei kama ana mkataba wa maandishi au walikubaliana kwa mdomo jikoni siku aliyofika na begi lake.

Vibarua nao wasijitoe haraka. Kuna wanaolipwa kila jioni au kila Jumamosi kwa miaka mitatu, katika karakana ileile au shamba lilelile la maua, na bado wanaambiwa wao ni wa kutwa, hawana likizo. Kifungu cha 37 kinasema vingine. Kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa jinsi ilivyo haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi. Akiendelea miezi miwili au zaidi tangu siku aliyoanza, anastahili masharti yaleyale ambayo angepata kama asingeanza kama kibarua. Likizo imo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo siku nyingi zinapoliwa.

Zinazohesabiwa ni siku za kazi, wala si siku za kalenda. Siku ya mapumziko ya wiki haihesabiwi, na sikukuu ya kitaifa haihesabiwi. Tuchukue Desemba ya mwaka 2025 na mfanyakazi wa duka anayefungua Jumatatu hadi Jumamosi. Anaanza likizo Jumatatu tarehe 1. Wiki ya kwanza inakula siku sita. Wiki ya pili inakula tano tu, kwa kuwa Ijumaa tarehe 12 ni Jamhuri Dei. Hapo zimefika 11. Wiki ya tatu inaongeza sita, zinakuwa 17. Wiki ya nne anahesabu Jumatatu, Jumanne na Jumatano, anaruka Krismasi ya Alhamisi na sikukuu ya Ijumaa tarehe 26, kisha anamalizia na Jumamosi tarehe 27. Jumla 21. Anatakiwa kurudi dukani Jumatatu tarehe 29.

Mwajiri anayehesabu tarehe za kalenda atamwambia arudi tarehe 22. Watu wengi wangekubali, kwa kuwa kutoka tarehe 1 hadi 21 ni siku 21 kweli kwa yeyote anayehesabu kwa vidole. Lakini mfanyakazi huyo amenyang'anywa siku nne za kazi zenye mshahara, na wiki yake ya Krismasi ataila nyuma ya kaunta.

Upande wa pili wa mpaka hesabu ni tofauti, na yafaa Wakenya wanaofanya kazi Arusha au Dar es Salaam waijue, maana wengi huchanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo, na humo ndani sikukuu zinahesabiwa. Siku 28 zinasikika nyingi kuliko 21. Kwa mtu wa Jumatatu hadi Ijumaa, hata hivyo, siku 21 za kazi za Kenya ni wiki nne na siku moja, na sikukuu zikiangukia humo anasogea mbele zaidi. Kwa wa siku sita kwa wiki ni wiki tatu na nusu. Ndiyo maana kulinganisha namba tupu hakusaidii. Swali la kwanza kumuuliza mwajiri ni siku gani anazihesabu.

Kuhusu tarehe za kuondoka, kifungu cha 28 hakimpi mfanyakazi uhuru wa kujichagulia mwezi. Kwa desturi mwajiri hupanga ratiba ili kazi isisimame, na ni jambo la busara. Shule haiwezi kumpa mwalimu likizo katikati ya muhula wa mitihani, na hoteli ya Diani haiwezi kuwaachilia wapishi wake wote Krismasi. Ila sheria imemwekea mwajiri mipaka. Hawezi kuikata likizo vipande vipande mpaka mfanyakazi akubali. Wakikubaliana kuigawa, basi kipande kimoja kiwe angalau wiki mbili za kazi zisizokatizwa, isipokuwa kama makubaliano yao yanasema vingine. Kipande hicho kirefu kinachukuliwa ndani ya ile miezi 12, na kilichobaki kisipite miezi 18 baada ya mwisho wa mwaka ambao likizo hiyo ilichumwa.

Masharti hayo ya wiki mbili na miezi 18 hayakutungwa Nairobi. Yamo katika Mkataba Namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979. Nia yake ni kwamba mtu apate mapumziko ya kweli, muda wa kutosha mwili kupoa na akili kutulia, si siku mbili leo na siku tatu mwezi ujao za kupanga foleni hospitalini au kuhudhuria mazishi. Mlinzi wa usiku anayepewa likizo yake siku mojamoja hapumziki hata kidogo. Analala mchana uleule anaoulala siku zote, kisha anarudi langoni.

Ile miezi 18 ina makali ya pande mbili, na wafanyakazi wengi hukatwa nayo bila kujua. Wapo wanaojivunia kwamba hawajaenda likizo miaka sita. Wanaamini siku hizo zinajilimbikiza mahali fulani na siku watakapoacha kazi zitatoka zote kwa mkupuo. Mahakamani mambo huwa magumu. Zipo hukumu zilizokataa madai ya likizo za miaka mingi ya nyuma kwa msingi kwamba sheria haikukusudia likizo irundikwe hivyo, na mfanyakazi akaishia kulipwa za kipindi cha mwisho tu. Zipo pia hukumu zilizomlipa mfanyakazi baada ya mwajiri kushindwa kuonyesha rekodi yoyote ya likizo. Kwa hiyo asiyetaka kubahatisha aombe likizo yake kila mwaka, na aombe kwa maandishi. Akinyimwa, ule ujumbe wa kumnyima ndio utakaomtetea.

Maandishi hayo si lazima yawe barua yenye anwani mbili na kichwa cha habari. Ujumbe wa simu unatosha, mradi una tarehe na unaeleweka. Mfanyakazi wa nyumbani anaweza kuandika hivi: "Habari ya jioni mama. Nimemaliza mwaka mmoja kazini tarehe 15 mwezi huu. Naomba likizo yangu ya siku 21 kuanzia Jumatatu tarehe 1 Desemba. Naomba unijibu hapa kama tarehe hiyo ni sawa au unipe nyingine." Ni ujumbe wa heshima. Hauna ugomvi ndani yake. Lakini unataja mambo matatu ambayo afisa wa leba au hakimu atayauliza: kazi ilianza lini, siku zilizoombwa ni ngapi, na ziliombwa lini. Asiufute. Akibadilisha simu, apige picha ya mazungumzo hayo na kumtumia ndugu anayemwamini.

Mwajiri naye ana wajibu wake wa maandishi, tena mzito kuliko wa mfanyakazi. Kifungu cha 9 kinamtaka aandike mkataba kwa kazi yoyote ya miezi mitatu au zaidi. Kifungu cha 10 kinamtaka aeleze humo haki ya likizo kwa namna ambayo mfanyakazi anaweza kuipiga hesabu bila kubahatisha, hata zile fedha za siku zilizobaki akiacha kazi. Kifungu cha 74 kinamtaka atunze rekodi ya siku anazostahili kila mfanyakazi, alizochukua na anazodai. Mambo yakifika mahakamani na mwajiri hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Waajiri wadogo, hasa wenye nyumba na maduka, wangejiepusha na matatizo mengi kwa daftari moja la shilingi hamsini: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, sahihi mbili.

Kuna kupunguza siku ambako hutokea kimyakimya, na inafaa kila mmoja akague kwake.

Ofu ya wiki si sehemu ya likizo. Kifungu cha 27 kinampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kumkata mtu siku za likizo kwa sababu alikuwa akipumzika Jumapili ni kumlipisha haki moja kwa nyingine. Ugonjwa pia una mlango wake. Mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo anastahili angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine saba kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, na sekta nyingi zina amri za mishahara au mikataba ya pamoja inayotoa zaidi ya hapo. Masharti ni kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo na kuleta cheti cha daktari, au cha msimamizi wa zahanati aliyeidhinishwa na daktari. Mwajiri akishapokea cheti hicho hana ruhusa ya kuziandika siku hizo kuwa likizo ya mwaka.

Uzazi unahitaji kusemwa kwa nguvu zaidi, kwa sababu hapa ndipo wanawake wengi hupoteza zote mbili. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu yenye mshahara kamili. Mwanamke anatoa notisi ya maandishi ya siku saba au zaidi kabla ya kuondoka, au muda mfupi zaidi kama hali ilimlazimu. Baada ya likizo hiyo anarudi kwenye kazi aliyoiacha, au kazi inayomfaa yenye masharti yasiyo duni kuliko yale ya kwanza. Kisha kifungu cha 29 kinaongeza jambo ambalo waajiri wengi hulifumbia macho: mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu alichukua ya uzazi. Anayeambiwa "wewe mwaka huu ulishapumzika miezi mitatu" anadanganywa. Kulea mtoto wa wiki mbili si kupumzika, na sheria inalijua hilo. Baba wa mtoto anastahili wiki mbili zenye mshahara kamili. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, anayekabidhiwa mtoto wa kuasili naye anastahili mwezi mmoja kwa mshahara kamili kuanzia siku anayokabidhiwa.

Pwani kuna tatizo lake la kipekee. Hoteli nyingi kati ya Diani na Malindi hupungukiwa wageni mvua za masika zikianza, na hapo ndipo ratiba za likizo hubandikwa ukutani: huyu aende Mei, yule aende Juni. Hilo mwajiri anaweza kulifanya, mradi siku zinalipwa na hazikatwi bila ridhaa. Kisicho halali ni kumaliza siku 21 za mtu halafu kumwambia aendelee kukaa nyumbani bila mshahara hadi wageni warudi. Mwaka 2020 korona ilipofunga hoteli, barua za likizo bila malipo zilisambaa kutoka Mombasa hadi Nairobi, na watu wengi walidhani mwajiri ana mamlaka ya kuamua hivyo peke yake. Sheria ya Ajira haimpi mamlaka hayo. Kumwondolea mtu mshahara ni kubadilisha mkataba wake, na kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha sharti lolote na kumjulisha kwa maandishi. Aliyekubali amekubali. Ambaye hakuulizwa ana haki ya kuuliza, na wanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa nyumbani, hoteli, shule na hospitali, waanze kwa mwakilishi wao pale kazini, kwa kuwa mkataba wao wa pamoja huenda umeshaeleza la kufanya.

Nauli ya likizo nayo huulizwa sana. Sheria ya Ajira hailazimishi mwajiri kumpa mfanyakazi anayekwenda likizo ya mwaka posho ya safari. Anayeipata huipata kwa mkataba wake, au kwa amri ya mishahara ya sekta yake ikiwa inaitaja, na ikishatajwa humo, ni deni kama mshahara.

Je, mtu anaweza kufukuzwa kwa kudai haya? Hofu hiyo ndiyo inayowafunga watu midomo, na ni hofu ya haki, maana nje ya lango kuna mwingine anayesubiri kazi. Kifungu cha 46 kinataja waziwazi kwamba kwenda likizo, au kuomba likizo ambayo mtu anaistahili, si sababu halali ya kumfuta wala kumwadhibu. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi "ukienda usirudi" amejitengenezea kesi ya kufuta kazi isivyo haki, ambayo fidia yake inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Hapa tena maandishi ni kila kitu. Anayeambiwa hivyo kwa mdomo arudi kazini siku likizo inapoisha, akizuiliwa langoni atume ujumbe papo hapo: "Nimefika kazini leo saa mbili asubuhi baada ya likizo niliyoomba, nimezuiliwa kuingia. Naomba kujua sababu." Asiporudi siku hiyo, mwajiri atadai kwamba ni yeye aliyetoroka kazi.

Kazi ikiisha, kwa njia yoyote ile, siku ambazo hazikuchukuliwa zinageuka fedha. Aliyeacha au kuachishwa kabla ya mwaka kutimia, baada ya kufanya kazi angalau miezi miwili ya mwaka huo, anahesabiwa siku 1.75 kwa kila mwezi aliomaliza. Mfano: muuza duka analipwa shilingi 26,000 kwa mwezi, ameacha baada ya miezi saba ya mwaka wake wa pili, na ya mwaka wa kwanza aliichukua yote. Saba mara 1.75 ni siku 12.25. Tukichukua mwezi wa siku 26 za kazi, kila siku ni shilingi 1,000, kwa hiyo anadai shilingi 12,250 za likizo pekee, mbali na mshahara wa siku alizofanya na haki nyingine. Hata aliyefutwa papo hapo kwa kosa la kweli halipotezi deni hilo. Kifungu cha 18 kinasema alipwe kila alichostahili hadi siku aliyofutwa. Wizi wa sukari haufuti siku 12 za likizo.

Kwa anayedhulumiwa, mlango wa karibu ni afisi ya leba ya kaunti. Afisa wa leba humwita mwajiri, hukagua rekodi na kujaribu kuwapatanisha, na madeni mengi ya likizo huishia hapo, kwa sababu hesabu zikishawekwa mezani hakuna mengi ya kubishania. Mfanyakazi aende na chochote alicho nacho: ujumbe wa simu, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi, beji ya kazi, jina la mwenzake aliyekuwapo. Ikiwa malalamiko ni ya kufutwa kazi, afisa huyo apelekewe ndani ya miezi mitatu.

Mapatano yakishindikana kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Lakini anayelipwa si zaidi ya shilingi 80,000 kwa mwezi halazimiki kusafiri hadi iliko. Tangu mwaka 2018, kwa tangazo la Jaji Mkuu katika Gazeti Rasmi la Serikali, mahakimu wa ngazi ya hakimu mkazi mwandamizi na kuendelea wamepewa uwezo wa kusikiliza kesi za ajira za watu wa kipato hicho, na mahakimu hao wako katika miji mingi.

Muda nao unakimbia. Kwa kawaida kesi ya ajira hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Kwa dhuluma inayoendelea mwezi baada ya mwezi, sheria inatoa miezi 12 tu tangu ilipokoma. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliushikilia muda huo mfupi katika kesi ya kampuni moja ya ulinzi na walinzi wake zaidi ya 400. Mawakili bado wanabishana iwapo kila deni la likizo linaingia katika fungu hilo la pili, na aliyeacha kazi hana sababu ya kungoja wamalize ubishi wao: ahesabu miezi 12 kuanzia siku yake ya mwisho kazini, na awe amefika mahakamani kabla haijaisha.